Tupa Moja, Kisu na Chuma cha Cheche: Jibu kwa Msomaji wa Morogoro

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani hapa Morogoro, na marehemu baba, aliyekuwa seremala, aliniachia tupa kuukuu. Niliisaga kwa grenda hadi ikapata umbo la kisu chenye urefu wa sentimita 22 pamoja na msuka (ule mkia unaoingia mpinini), nikakipachika mpini wa mninga. Siku ya tatu kilianguka kwenye sakafu ya saruji kikakatika katikati kama kigae. Nikatengeneza chuma cha kuwashia moto kutokana na nondo, nikakipiga kwa jiwe hadi vidole vikachubuka, hakikutoa hata cheche moja. Kisha nikajaribu kupekecha moto kwa ulindi, kile kijiti kinachozungushwa kwa viganja: moshi ninaupata, kaa silipati. Ninakosea wapi? Na je, mgongo wa kisu unaweza kutumika badala ya chuma cha moto?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa vidole. Kisu chako na nondo yako vimekuangusha kwa sababu moja iliyokuja kwa sura mbili: kisu kilikuwa kigumu kupita kiasi, na nondo ilikuwa laini kupita kiasi. Kabla hujavitupa vile vipande viwili vya kisu, viokote, kwa maana tupa ya marehemu bado inaweza kukupa kisu na chuma cha moto, vyote viwili.

Ugumu wa chuma hutegemea kwanza kiasi cha kaboni kilichomo ndani yake. Nondo ya kujengea kwa kawaida huwa na kaboni isiyozidi sana asilimia 0.3, kwa hiyo hata ukiichoma ikawa nyekundu na kuitumbukiza majini, haigumiki kiasi cha kufaa kwa kazi yako. Sipringi ya gari huwa karibu na asilimia 0.6, na ndiyo maana mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wale wa Kamukunji jijini Nairobi huipenda kwa patasi, mapanga na sime. Tupa nzuri huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo. Wazee waliita chuma cha namna hiyo pua, na ukisikia mtu akisema jembe limetiwa pua, maana yake ni kwamba makali yake yameungwa kipande cha chuma kinachokubali kugumishwa. Siku hizi jina hilo limehamia kwenye masufuria yasiyoshika kutu, jambo linalowachanganya wengi, kwa sababu sufuria hilo halifai hata kidogo kwa kazi tunayoizungumzia.

Tupa hutoka kiwandani ikiwa imegumishwa karibu na kikomo chake, kwa kuwa kazi yake ni kukwaruza vyuma vingine. Hakuna anayeitazamia kupinda wala kuanguka. Ulipoisaga bila kuibadili hali yake, ulitengeneza kioo chenye umbo la kisu. Tazama mahali kilipokatikia: nina hakika ufa umefuata mojawapo ya mifuo ya meno ya tupa ambayo hukuimaliza kuisaga, kwa sababu kila mfuo ni mwanzo wa ufa unaosubiri pigo. Tazama pia makali yenyewe. Ukiona doa la samawati au zambarau, ujue kwamba grenda ilipachoma, na pale chuma kilikuwa kimelainika wakati katikati ya bapa kingali kigumu. Kisu chako kilikuwa na kasoro mbili zinazopingana kwa wakati mmoja.

Uso wa mkatiko nao una habari zake. Ukiwa wa kijivu na laini mithili ya kigae cha kaure, hiyo ni pua nzuri yenye chembe ndogo. Ukiwa na chembe kubwa zinazometameta kama sukari, chuma kiliwahi kuchomwa moto uliozidi. Ukiona ganda jembamba la kijivu pembeni na kiini cha rangi nyingine katikati, tupa ni ya bei nafuu iliyogumishwa juujuu tu, na hapo nakushauri uiache. Tupa za mafundi wa zamani mara nyingi ni pua mpaka ndani, nami ninategemea kwamba ya baba yako ni hiyo.

Tuseme basi kwamba kipande cha nyuma kina sentimita 12 pamoja na msuka, na cha mbele kina 10. Cha nyuma kitakuwa kisu kifupi cha kuchongea chenye makali ya sentimita 7 hivi, ambacho kwa mtu anayejifunza kina manufaa zaidi kuliko kile kirefu. Cha mbele kitakuwa chuma cha moto.

Anza kwa kuvilainisha vyote viwili. Washa jiko la mkaa mzito, kama wa mgunga, ulielekezee feni ndogo au mvukuto, na ufanye kazi hiyo kivulini au jioni. Banda la mhunzi huwa na giza kidogo kwa makusudi, kwa kuwa wekundu unaoonekana hafifu juani ndani ya banda huonekana umewaka. Choma vipande hadi viwe na rangi nyekundu iliyoiva, kisha vijaribu kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kinapofika nyuzi 770 za sentigredi, sumaku haikishiki tena. Hiyo ndiyo dalili ambayo haimdanganyi mwanafunzi jinsi macho yanavyoweza kumdanganya. Vikifika hapo na kupita kidogo tu, vifukie ndani ya ndoo ya jivu kavu na uviache mpaka asubuhi. Kesho yake jaribu kukwaruza kwa tupa mpya: kama inauma na kutoa unga, chuma kimelainika. Kama inateleza, rudia.

Sasa chonga. Najua wengi wanatamani nyundo na fuawe tangu siku ya kwanza, lakini kwa kisu cha kwanza mimi huwashauri wanafunzi watumie tupa na msasa pekee, kwa maana kila unapokipiga chuma moto unaongeza nafasi ya kukiunguza au kukipasua bila kujua. Ondoa meno yote ya zamani, yaishe kabisa, hasa pale bapa linapokutana na msuka. Kona hiyo usiifanye kali kama ya sanduku. Izungushe, kwa sababu hapo ndipo visu vingi hukatikia. Makali yasiwe membamba bado. Yaache na unene wa milimita 1 hivi, yasije yakajikunja au kupasuka wakati wa kuzimishwa.

Kuzimisha ndiko kunakogumisha. Choma tena hadi sumaku ikatae, subiri rangi ipande kidogo na ienee sawasawa toka msukani hadi nchani, kisha kitumbukize kisu kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa joto la nyuzi 50 au 60. Kitangulize ncha, kisimame wima, ukipandishe na kukishusha bila kukipeleka ubavuni, kwa maana ukikiyumbisha upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na kisu kikatoka kimepinda. Chombo cha mafuta kiwe cha chuma na chenye kina, na mfuniko wake uwe mkononi mwa msaidizi, kwa sababu mafuta yanaweza kushika moto. Yakishika, yafunike, usithubutu kuyamwagia maji. Mafundi wengi hutumia oili chafu ya gari. Inagumisha, lakini moshi wake ni sumu na harufu yake haikutoki kwa siku mbili, nami nilikwisha kuiacha. Maji ya kawaida yalitumiwa na wahunzi wa kale kwa ustadi mkubwa, ila kwa chuma chenye kaboni nyingi kama tupa hupoza kwa ghafla mno, nawe utabaki na ufa. Onyo jingine, la kifua chako: usiingize motoni bati wala chuma chochote kilichopakwa zinki, maana mafusho yake huleta homa kali.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta kimerudi katika hali ileile iliyokivunja. Kijaribu kwa tupa; itateleza kama juu ya kioo, na hapo ufurahi kidogo tu, kwa kuwa sehemu iliyokosekana katika kisu chako cha kwanza ndiyo inayofuata, nayo ni kukipunguzia ugumu. Usiilaze kazi hii. Niliwahi kuacha kisu juu ya meza baada ya kukizimisha, nikisema nitamalizia kesho. Usiku nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na asubuhi nikakuta ufa umetoka makalini hadi nusu ya bapa, bila mtu kukigusa.

Kama una oveni, iweke nyuzi 200, kisu kikae ndani kwa saa nzima, kipoe, kisha urudie mara ya pili. Kama huna, kisugue kisu kwa msasa hadi king'ae, jaza mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, weka juu ya jiko na ukilaze kisu juu ya mchanga. Simama ukitazama, usiende popote. Kwanza chuma kitakuwa cheupe kama kilivyo. Kisha itapita rangi hafifu ya majani makavu, ikifuatiwa na asali nyepesi, kisha kahawia, zambarau, na mwisho samawati. Rangi ya majani makavu ni nyuzi 210 hivi, na samawati inakaribia 300. Kisu cha kuchongea kitoe kati ya majani makavu na asali. Ukipitiliza hadi samawati umepata sipringi, si kisu, nawe itakubidi urudi mwanzo. Wanaotaka ustadi zaidi hulaza mgongo wa kisu juu ya pande la chuma lililochomwa, ili mgongo ufike samawati na kuwa mnyumbufu wakati makali yangali kwenye asali. Huo ni ufundi wa kufuatilia baadaye.

Wala usidhani kwamba maarifa haya ya moto na kaboni yamekuja juzi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za kale za Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambazo zilikuwa zikitoa pua miaka ipatayo 2,000 iliyopita, na walisaidiwa na wazee wa Kihaya waliojenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao. Huko Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na vyuma vya Upare viliwafikia Wachaga. Hadi leo, karibu na Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha na kufua vyuma chakavu, na majirani zao Wahadzabe huchukua vichwa vya mishale kwao au hufua misumari ikiwa baridi, kwa jiwe na nyundo tu. Tofauti kati ya mshale uliofuliwa kutokana na msumari na kisu cha tupa ni ile ile uliyoiona kwenye nondo yako: msumari hupinda, hauvunjiki, wala haushiki makali kwa muda mrefu.

Sasa kipande cha mbele. Kipe umbo la ufito mnene wa milimita 4 au 5, wenye ukingo ulionyooka wa sentimita 7, na ukiweza ukunje ncha zake kidogo vidole vipate pa kushikia. Kilainishe, kichonge na kukizimisha kama ulivyofanya kwa kisu, lakini hapa ndipo njia zinapoachana: chuma cha moto hakipunguziwi ugumu, au kinapunguziwa kidogo sana, kwa nyuzi 150 kwa nusu saa. Kisu ulikiomba kivumilie kuanguka. Hiki unakiomba kitu kimoja tu, kiwe kigumu, kwa hiyo kikikuponyoka kwenye saruji lawama ni yako.

Cheche hazitoki kwenye jiwe, ingawa jicho linatuambia hivyo. Ukingo mkali wa jiwe hukwangua vumbi dogo mno la chuma, msuguano hulipasha hadi likawa jekundu, na vumbi hilo huungua hewani lenyewe. Chuma ndicho kuni. Nondo ikikwanguliwa hutoa nyuzi nene na laini zisizopata joto la kutosha, ndiyo maana uliumia bure. Kuna jambo moja linalowakatisha tamaa hata wale waliofanya yote sawasawa: kila chuma kinapochomwa, ngozi yake ya nje hupoteza kaboni, kwa hiyo chuma kipya cha moto mara nyingi hakitoi cheche siku ya kwanza. Kisugue ukingo wake kwenye kinoo hadi uondoe ngozi hiyo, kisha upige tena.

Jiwe liwe gumu kuliko pua. Gumegume lenyewe, lile lililotoa jina kwa bunduki za zamani, si rahisi kulipata Morogoro, lakini jiwe jeupe la kwatsi linapatikana mitoni na linatosha. Ni lile ambalo watoto hugonganisha vipande viwili gizani ili walione liking'aa. Mng'ao ule ni baridi, hauwashi kitu, lakini ni dalili kwamba umelipata jiwe lenyewe. Livunje upate ukingo mkali, kwa maana jiwe la mviringo halikwangui. Lishike kwa mkono mmoja, ukingo ukikuelekea juu, na kwa mkono wa pili ukishushe chuma kwa kupitia ukingoni, kama mtu anayechonga kijiti, si kama anayegonga msumari.

Cheche hizo ni dhaifu, hazitawasha nyasi. Zinahitaji kitambaa cha pamba kilichokaangwa bila kuungua: kata vipande vya kanga kuukuu, viweke ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, litoboe tundu moja dogo, uliweke kopo juu ya makaa hadi moshi unaotoka tunduni ukome, kisha uache lipoe bila kulifungua. Hakikisha kanga ni ya pamba tupu. Choma uzi mmoja kwanza. Ukibaki na jivu ni pamba, ukiyeyuka na kuwa donge gumu una nailoni mkononi. Kitambaa kilichoiva huwa cheusi na chepesi, na cheche ikikiangukia, nukta nyekundu hutambaa polepole bila mwali.

Kuhusu ulindi, moshi mwingi ni habari njema, maana joto unalo. Kinachokosekana ni mahali pa unga kukusanyika. Uwimbombo, yaani kile kibao cha chini chenye tundu la ulindi, lazima uwe na pengo lililochongwa toka ubavuni hadi karibu na katikati ya tundu, jembamba ndani na pana nje, mithili ya kipande kimoja cha chungwa lililogawanywa mara nane. Bila pengo hilo unga hutawanyika na kupoa. Tandika jani kavu chini yake, kisha utazame rangi: unga wa kahawia na wenye chembechembe unaonyesha kwamba unapekecha polepole au hukandamizi vya kutosha, unga mweusi na laini umeiva. Tundu likianza kung'aa na kulia kwa sauti kali, limejisugua likawa laini mno, hivyo tia chembe chache za mchanga lipate kuuma tena.

Miti yote miwili iwe imekauka ikiwa bado imesimama, isiwe na utomvu, na ukibonyeza uwimbombo kwa ukucha ubaki na alama. Nyinyi wa upande wa Kilosa na Kimamba mna bahati ya mashamba ya mkonge, kwani ule mti mrefu wa maua, ukikauka, unafaa kwa uwimbombo na kwa ulindi pia. Msimu wa mvua weka vijiti hivyo darini juu ya jiko kwa wiki moja kabla ya kujaribu. Pia usipekeche peke yako. Mikono ikifika chini ya ulindi, mwenzako apokee kutoka juu kabla tundu halijapoa. Wamasai hupekecha kwa kupokezana namna hiyo, na kwao kijiti hiki, olpiron, ndicho kilicholipa jina rika la wazee wanaowalea vijana wa rika jipya, kwa kuwa wao ndio huwawashia moto wa kuanzishwa kwao.

Moshi ukiendelea kutoka kwenye unga baada ya wewe kuacha kupekecha, kaa limezaliwa. Usilipulize. Subiri kidogo lishikane, ulimwage ndani ya kiota cha makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au kilifu kikavu, ukifumbate kiota na kukipungia hewa mpaka kitoe mwali.

Mpini sina mengi ya kusema, maana mninga uliochagua ni mzuri. Toboa tundu jembamba kidogo kuliko msuka, uchome msuka wenyewe, huku makali yamefungwa kwa kitambaa kilichoroweshwa maji yasipate joto, uusukume ndani taratibu hadi utengeneze nafasi yake kwa kuunguza mti. Funga noleo, yaani pete, la shaba kwenye mdomo wa mpini, hata kipande cha bomba kuukuu kinatosha, ili mpini usipasuke.

Umeuliza mwisho kama mgongo wa kisu unaweza kutumika badala ya chuma cha moto. Kwa jiwe, utatoa cheche chache na hafifu, kwa sababu umeupunguzia mgongo ugumu ule ambao cheche zinautaka, na ukiupunguza hadi samawati hutapata hata moja. Kwa kile kijiti cha kijivu kinachouzwa na wauza vifaa vya kambi, jibu ni ndiyo, tena vizuri. Kijiti hicho ni mchanganyiko wa seriamu na chuma uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria na kusajiliwa mwaka 1903, ndio uleule uliomo kwenye viberiti vya gesi. Pale kinachokwanguliwa na kuungua ni kijiti, si kisu, kwa hiyo mgongo wowote wenye kona kali ya mraba unatosha, hata wa nondo yako. Ichonge kona yake kwa tupa mpya, isibaki na mviringo, na kazi uliyoifanya juu yake haitakuwa imepotea yote.